Kaya Inapohitimu, Tutajuaje Kwamba Imesimama?



Wahenga walisema: kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Anayebeba pakacha linalovuja huona mzigo ukipungua kila hatua, na huenda akashukuru. Lakini mwenye mali anayesubiri mwisho wa safari ndiye atakayejua kilichopotea njiani. Methali hii yafaa kukumbukwa kila tunaposikia kwamba idadi ya kaya zinazohudumiwa na mpango fulani wa Serikali imepungua. Kupungua huko kunaweza kuwa habari njema, yaani kaya zimejijenga na hazihitaji tena kushikwa mkono. Kunaweza pia kuwa ni kuvuja kwa pakacha: mzigo wa mpango umepungua, lakini kaya zenyewe zimeanguka njiani na hakuna aliyegeuka kutazama.

Somo letu la toleo hili linahusu namna ya kutofautisha hali hizo mbili. Tumeliandaa kwa ajili ya wananchi wote, si kwa ajili ya wataalamu peke yao, kwa sababu neno la mwisho kuhusu hali halisi ya kaya mara nyingi wanalo majirani zake.

Mpango tunaouzungumzia

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao wengi tunauita TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Mwaka 2012 ulianza kutekeleza Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini, na kipindi cha pili cha mpango huo kilizinduliwa Februari 2020. Kwa ufupi, mpango una miguu mitatu. Wa kwanza ni ruzuku ya fedha, ambayo sehemu yake huambatana na masharti ya watoto kuhudhuria shule na kliniki. Wa pili ni miradi ya ajira za muda, ambapo kaya zenye watu wanaoweza kufanya kazi hushiriki kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka katika kazi kama vile kuchimba malambo, kutengeneza barabara za vijijini na kupanda miti, hasa katika miezi ya hari ambapo chakula huwa haba majumbani. Wa tatu ni kukuza uchumi wa kaya kupitia mafunzo, vikundi vya kuweka akiba na ruzuku ya uzalishaji.

Shabaha ya miguu hiyo mitatu ni kwamba siku moja kaya isimame yenyewe. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kaya iliyofikia hatua hiyo huondolewa katika orodha ya walengwa, nasi husema kwamba imehitimu. Neno hilo ni zuri na lina heshima yake. Hata hivyo, mwanafunzi huhitimu baada ya kupimwa alichokijua. Je, kaya nayo ipimwe kwa kitu gani?

Kosa la pande mbili

Swali hilo lina uzito kwa sababu kukosea kunaumiza upande wowote utakaokosewa. Tukiiondoa mapema kaya ambayo haijawa imara, tunaweza kuona mbuzi waliopatikana kwa ruzuku wakiuzwa mmoja mmoja, mtoto akiacha shule ili akafanye vibarua, na mama akiingia katika mikopo ya riba kubwa ambayo mitaani huitwa "kausha damu". Kilichojengwa kwa miaka kadhaa kitabomoka kwa msimu mmoja.

Kwa upande mwingine, tukiendelea kuibeba kaya ambayo tayari imejiweza, nafasi hiyo inaikosa kaya nyingine iliyo maskini zaidi. Fedha za mpango zina ukomo. Bibi anayelea wajukuu watatu peke yake, ambaye hakuwahi kuingia katika orodha, ana haki ya kuuliza kwa nini jirani mwenye duka bado yumo. Kwa hiyo kutathmini kaya vizuri ni kuwatendea haki wale wanaotoka na wale ambao bado wanasubiri nje.

Walichojifunza wenzetu wa Marekani

Swali hili si letu peke yetu. Marekani ni miongoni mwa nchi zilizolikabili kwa upana mkubwa, na watafiti wake waliandika waziwazi walichokikuta. Ni vyema tukapita huko kwa muda mfupi kabla ya kurudi katika kata zetu.

Tarehe 22 Agosti 1996, Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria iliyobadilisha mfumo wa kusaidia familia maskini zenye watoto, mfumo ambao mizizi yake ilikuwa katika sheria ya mwaka 1935. Chini ya utaratibu mpya, wazazi wanaopokea msaada walitakiwa kufanya kazi au kushiriki shughuli za kuwaandaa kwa kazi, na kwa ujumla familia haikuweza kulipwa kwa fedha za serikali kuu kwa zaidi ya miezi 60 katika maisha yake. Kila jimbo lilipewa fungu la fedha na uhuru mkubwa wa kupanga mpango wake. Jimbo la Wisconsin, kwa mfano, lilianza mwaka 1997 mpango ambao karibu kila msaada wa fedha ulifungamanishwa na kazi.

Idadi ya familia zilizokuwa zikipokea msaada ilishuka kwa kasi. Mwaka 1994 zilikuwa takriban milioni 5. Kufikia mwaka 2000 zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya nusu. Viongozi wengi walishangilia. Ndipo watafiti wakauliza swali la mwenye pakacha: familia hizo zimekwenda wapi, na zinaishije?

Majibu hayakuwa ya rangi moja. Taasisi ya utafiti ya Urban Institute ilizungumza na watu waliotoka katika msaada kati ya mwaka 1995 na 1997. Iligundua kwamba takriban sita katika kila kumi walikuwa wakifanya kazi. Hilo lilikuwa jambo la kutia moyo, kwani waliotabiri kwamba wazazi hao hawataweza kabisa kupata kazi walikuwa wamekosea. Lakini karibu watatu katika kila kumi walikuwa wamekwisha kurudi kwenye msaada. Miongoni mwa waliofanya kazi, nusu walilipwa chini ya dola 6.61 kwa saa, wakati ambapo kima cha chini cha mshahara kilichoanza kutumika Septemba 1997 kilikuwa dola 5.15. Wachache tu walikuwa na bima ya afya iliyotolewa na mwajiri. Na takriban theluthi moja ya familia zilizotoka zilisema kwamba ziliwahi kupunguza au kuruka mlo kwa kukosa fedha.

Watafiti pia walikuta kundi lililowatia wasiwasi zaidi: familia ambazo hazikuwa na msaada wala kazi. Katika hesabu za ofisi, familia hizo zilikuwa zimetoka kwenye mpango kama zile zilizopata ajira, hivyo takwimu ya kupungua iliwaweka wote katika kapu moja. Kadhalika, ilionekana kwamba familia zilizoondolewa kama adhabu ya kutotimiza masharti kwa kawaida ziliishi katika hali ngumu kuliko zile zilizoondoka kwa hiari baada ya kupata kazi.

Jimbo la Minnesota lilikwenda hatua moja mbele. Kuanzia mwaka 1994 lilijaribu mpango wake katika baadhi ya wilaya kwa njia inayofanana na bahati nasibu: baadhi ya familia ziliwekwa katika mpango mpya na nyingine zikabaki katika utaratibu wa zamani, kisha makundi yote mawili yakafuatiliwa kwa miaka. Mpango huo mpya uliwaruhusu wazazi waliopata kazi kuendelea kupokea sehemu ya msaada badala ya kukatiwa wote mara mshahara unapoanza. Tathmini iliyokamilika mwaka 2000 ilionesha kwamba miongoni mwa akina mama wasio na wenzi waliokuwa wamepokea msaada kwa muda mrefu, ajira na kipato viliongezeka, na umaskini ulipungua. Kwa kuwa kundi la kulinganisha lilikuwapo, ilikuwa vigumu kwa mtu kudai kwamba mafanikio hayo yaliletwa na uchumi mzuri wa miaka ile peke yake.

Mazingira ya Marekani si yetu. Wengi wao hutegemea mshahara wa saa, ilhali kaya zetu hutegemea shamba, mifugo, vibarua na biashara ndogo. Kwa hiyo hatuchukui takwimu zao. Tunachukua maswali waliyojifunza kuyauliza, kisha tunayaweka katika lugha ya kijiji na mtaa.

Maswali sita ya kuipima kaya iliyotoka

1. Kaya ilitoka kwa mlango gani? Kaya inaweza kutoka kwa sababu kipato chake kimepanda. Inaweza pia kutoka kwa sababu mlengwa amehama, amefariki dunia, hakuonekana siku ya uhakiki, au taarifa zake zina kasoro. Sababu hizo zisichanganywe. Kijiji kikiambiwa kwamba kaya 40 zimetoka, swali la kwanza liwe: ngapi zimetoka kwa kujiweza, na ngapi kwa sababu nyingine?

2. Kinachobaki mkononi ni kiasi gani? Hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa kuchukua mauzo tukayaita kipato. Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja anauza vitumbua. Kwa siku anauza vya shilingi 12,000, na anafanya kazi siku 22 kwa mwezi. Mauzo yake ni shilingi 264,000. Jirani akiona hivyo atasema mama huyu amefanikiwa. Lakini mchele, sukari, mafuta na mkaa humgharimu shilingi 7,500 kila siku. Faida yake ni shilingi 4,500 kwa siku, sawa na shilingi 99,000 kwa mwezi. Mahindi anayovuna shambani, yakigawanywa kwa miezi ya mwaka, yana thamani ya shilingi 30,000 kwa mwezi. Jumla ni shilingi 129,000.

Sasa tulinganishe. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Mtoto huhesabiwa kama sehemu ya mtu mzima kulingana na umri wake. Ikiwa kaya ya mama huyu, akiwamo bibi na watoto, ina mahitaji yanayolingana na ya watu wazima wanne, basi inahitaji shilingi 197,280. Bado anapungukiwa shilingi 68,280 kila mwezi, na hapo tumetumia bei za miaka ile, si za sokoni leo. Mama huyu ana biashara, ana bidii, lakini hajavuka mstari. Kumwita mwenye kujiweza kwa sababu tu tumeiona meza yake ya vitumbua ni kumdhulumu.

3. Watoto wanaishije? Kipato kinaweza kupanda huku mzigo ukihamia kwa mtoto. Mama akitoka alfajiri kwenda kibaruani, nani anamlea mdogo? Mara nyingi ni binti wa darasa la tano, ambaye mahudhurio yake huanza kulegea. Mwalimu mkuu anazo daftari za mahudhurio, na zahanati ina kadi za kliniki. Mtoto aliyehudhuria vizuri wakati kaya ilipokuwa katika mpango, kisha akaacha baada ya kaya kutoka, ni ishara ambayo haipaswi kupuuzwa.

4. Kaya ina nini cha kuegemea siku ya shida? Kaya mbili zinaweza kuwa na kipato sawa, lakini moja ina akiba katika kikundi, mbuzi wanne, paa la bati na kadi ya bima ya afya, na nyingine haina hata kimoja. Ugonjwa wa wiki mbili utaitikisa ya kwanza na kuiangusha ya pili. Kwa hiyo tusiulize tu kaya ina nini leo. Tuulize pia: katika miezi 12 iliyopita, iliuza nini ili kupata chakula au matibabu? Kaya inayouza mbuzi dume aliyenenepeshwa kwa ajili ya soko inafanya biashara. Inayouza mbuzi jike mwenye mimba ili kununua unga inakula mtaji wake.

5. Tumeuliza lini? Ukimtembelea mkulima wiki mbili baada ya mavuno, utakuta magunia ndani na tabasamu usoni. Ukirudi katika miezi ya hari utakuta hadithi nyingine. Tathmini inayofanyika mara moja, tena wakati wa neema, huonesha sura moja tu ya mwaka. Busara ni kuitazama kaya angalau mara mbili ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kutoka, mara moja baada ya mavuno na mara moja kabla yake, kisha kurudi tena baada ya mwaka wa pili.

6. Nani hakuonekana? Mtathmini anapofika kijijini na kuzikuta kaya 30 kati ya 40 alizokuwa akizitafuta, hujaribiwa kuandika habari za zile 30 na kuzisahau 10. Lakini waliokosekana wanaweza kuwa ndio walioshindwa kulipa kodi ya chumba wakahama, au waliokwenda kutafuta vibarua wilaya nyingine. Wanaweza pia kuwa wamefanikiwa na kuhamia mjini. Hatuwezi kujua mpaka tuwaulize ndugu na majirani. Taarifa ya kweli husema waziwazi ni wangapi hawakupatikana, na inaeleza jitihada zilizofanywa kuwatafuta.

Mafanikio haya ni ya nani?

Tuseme maswali yote sita yamejibiwa na tumeona kwamba kaya nyingi zilizotoka zinaendelea vizuri. Je, ni mpango uliozifikisha hapo? Huenda ufuta ulipata bei nzuri mwaka huo, au barabara mpya ilileta wanunuzi hadi shambani, na kaya zote zikapanda, zilizokuwa katika mpango na zisizokuwamo. Ndiyo maana Minnesota iliweka kundi la kulinganisha.

Sisi katika kijiji hatuhitaji bahati nasibu ili kuwa waangalifu. Inatosha kuzitazama kaya zilizotoka kando ya kaya nyingine za kijiji hichohicho ambazo hali yake ilifanana nazo tangu mwanzo lakini hazikuwahi kuingia katika mpango. Kama zote zimepanda kwa kiwango kilekile, tutashukuru msimu. Kama zilizokuwa katika mpango zimepanda zaidi, tuna sababu ya kuamini kwamba mpango umechangia. Ulinganisho huu haufikii uzito wa ule wa watafiti, lakini ni bora kuliko kusifu au kulaumu bila kulinganisha chochote.

Wajibu wa kila mmoja wetu

Mwanakaya aliyehitimu aseme kweli anapoulizwa, bila kujidai na bila kujikunja. Kuficha mbuzi kunamnyima nafasi bibi anayesubiri, na kuficha njaa kwa kuona haya kunawanyima watoto haki yao. Aendelee na kikundi chake cha akiba hata baada ya ruzuku kukoma. Akiwa katika kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kinachotimiza masharti, aulize kuhusu mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri.

Majirani wana nafasi yao katika mkutano wa kijiji au mtaa. Majina yanaposomwa, mtu anayejua kwamba kaya fulani imekosewa, ama kwa kuondolewa au kwa kubakizwa, asimame na kutoa sababu zinazoonekana. Minong'ono ya kisimani haibadilishi orodha.

Wajumbe wa kamati ya usimamizi ya jamii na watendaji waandike sababu ya kila kaya kutoka, na wahakikishe kwamba kaya yenyewe imeelezwa sababu hiyo kwa lugha inayoeleweka. Mwenye lalamiko aanzie kwao, na asiporidhika afike kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata au kwa Mratibu wa TASAF wa halmashauri.

Maswali ya kujadili katika vikundi

Tunapendekeza vikundi vya akiba na mikutano ya vitongoji vijadili maswali haya matatu. Kwanza, katika kitongoji chetu, ni vitu gani tukiviona nyumbani kwa mtu tunaamini kwamba amejiweza, na je, vitu hivyo vinatudanganya wakati mwingine? Pili, kaya iliyotoka katika mpango mwaka jana ilikula milo mingapi kwa siku katika miezi ya hari iliyopita? Tatu, kuna kaya gani ambayo hatujaisikia tangu ilipotoka, na nani kati yetu ataitembelea?

Swali la tatu halihitaji fomu wala posho. Linahitaji mtu mmoja atakayekwenda, apige hodi, na aketi asikilize. Akikuta kaya imesimama, tutafurahi pamoja nayo. Akikuta pakacha lilivuja, atakuwa ametuambia mapema, wakati bado kuna kitu cha kuokoa.